Kosa Si la Mvua Peke Yake

Mwaka mmoja, wakati wa masika, mvua ilinyesha usiku kucha katika kijiji kimoja cha pwani tulipokuwa tukifundisha. Kulipopambazuka tukaitwa kwenda kuitazama nyumba ya zamani ya shule, ile iliyojengwa kwa mawe na chokaa na babu za watu wa pale. Ukuta wa upande wa machweo ulikuwa umelala chini, na boriti zimeanguka moja juu ya moja kama kuni. Chini ya kifusi ndiko lilikokuwa kabati la vitabu vya kale, ambamo majina ya wanafunzi wa kwanza yaliandikwa kwa wino. Wazee walisimama kimya. Hatimaye mmoja wao akasema, "Mvua imeibomoa." Wote wakaitikia, nasi tukaitikia pamoja nao.

Lakini jua lilipotoka tuliizunguka nyumba ile polepole. Juu ya pembe iliyoanguka tuliona bati lenye tundu pana kama kiganja. Tundu lile halikuwa la usiku ule, kwa maana kingo zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Tukaona mlizamu uliojaa majani, hata mche ulikuwa umeota ndani yake. Tukaona ncha za boriti, pale zilipoingia ukutani, zimelainika kama muhogo uliooza. Kisha tukafungua kitabu cha mikutano ya halmashauri ya shule. Habari ya bati lile ilitajwa mwaka wa kwanza, ikaahirishwa. Ikatajwa mwaka wa pili, ikaahirishwa. Ikatajwa mwaka wa tatu, ikaahirishwa tena, kwa kuwa fedha zilitumika kuupaka rangi mlango wa mbele kabla ya kuja kwa wageni. Aliyeandika kitabu kile alikuwa nani? Tulikuwa sisi.

Basi leo twataka kulipima neno lile, "Mvua imeibomoa." Lasemwa juu ya nyumba za vijijini, na lasemwa pia juu ya majengo makuu ambayo watu husafiri kutoka mbali kuja kuyaona. Si neno la uongo kabisa. Lakini ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kuwapoteza watu kuliko uongo mtupu. Tutaanza na majengo makuu ya pwani yetu, kwa kuwa huko jambo laonekana wazi, kisha tutarudi nyumbani.

Yafaa kwanza tujue jinsi watu wa kale walivyojenga. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, na katika miji mingine ya pwani, kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, zikashikamanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga au udongo mwekundu, na juu yake zikapakwa chokaa tupu. Dari zilikuwa boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu ya boriti yakawekwa mawe madogo na chokaa, yakapondwapondwa mpaka yakawa sakafu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba: boriti ndiyo iliyoamuru upana wa chumba.

Chokaa nayo ina tabia yake. Matumbawe huchomwa katika tanuri kwa moto mkali, kama digrii 900, yakageuka kuwa kitu chepesi cheupe. Kikitiwa maji, huchemka chenyewe bila moto, kikawa chokaa laini. Chokaa ile ikipakwa ukutani huvuta polepole hewa ya ukaa, ikarudi kuwa jiwe tena, kama lilivyokuwa baharini. Lakini si jiwe gumu mno. Lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kwa vitundu hivyo ukuta huvuta pumzi: unyevu ukiingia wakati wa masika, hutoka wakati wa kiangazi. Fundi wa kale hakujaribu kulikataza tone lolote lisiingie. Alijua litaingia, akaliachia njia ya kutokea.

Lakini ukuta wa namna hii wataka mtu wa kuutunza. Maji ya mvua huila chokaa kidogo kidogo, kwa hiyo ilikuwa desturi kuipaka upya baada ya muda, na kuzibua milizamu, na kutazama sakafu ya juu kama imepata ufa. Nyumba ile haikujengwa ikaisha. Mjenzi aliwaachia wajukuu wake nyumba, na pamoja na nyumba akawaachia kazi. Wajukuu wakiipokea nyumba na kuikataa kazi, wamepokea nusu ya urithi, na nusu ile haiwezi kusimama peke yake.

Sasa tuitazame mvua yenyewe. Unguja hupata kwa kawaida zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nyingi zikija wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei. Mwalimu wa hesabu aweza kuwaonyesha watoto maana yake. Dari yenye eneo la mita za mraba 100 hupokea lita 150,000 za maji kwa mwaka mmoja, yaani madebe 7,500 ya lita 20. Maji hayo yote yataka njia. Yakiipata, hushuka salama mpaka chini na kwenda zake. Yasipoipata, hujitafutia yenyewe, na njia wanayoitafuta hupita ndani ya nyumba.

Hupita wapi? Mengine huingia kwa juu, katika ufa wa sakafu au tundu la bati, yakafikia ncha za boriti ndani ya ukuta. Pale hakuna upepo wala jua. Mti huoza, na mchwa hupenda mti uliolowa. Mengine huingia kwa chini: maji yakituama kando ya msingi, ukuta huyanyonya kama utambi unyonyavyo mafuta, na pamoja na maji hupanda chumvi. Kiangazi kikija maji hukauka, lakini chumvi hubaki, ikakua na kuusukuma uso wa ukuta mpaka ukabanduka kama magamba. Na mengine huleta mbegu. Ndege huacha mbegu ya mtini juu ya ukuta, mvua huinywesha, na mzizi mwembamba kama uzi huingia katika ufa. Baada ya miaka kadhaa uzi ule huwa kabari.

Katika hayo yote hakuna jambo la usiku mmoja. Ukuta huanguka kwa dakika moja, lakini hufa kwa miaka 10 au 20. Bandu bandu huisha gogo. Kwa hiyo mtu akituambia, "Mvua ya jana imeibomoa nyumba," twapaswa kumwuliza, "Na mvua za miaka yote iliyopita zilifanya nini, nawe ulikuwa wapi?"

Tuende sasa Kilwa Kisiwani. Msafiri Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 aliusifu mji ule kwa uzuri wake, na pamoja na sifa hizo hakusahau kutaja kwamba mvua zake ni nyingi. Basi mvua nyingi si mgeni Kilwa. Waliojenga Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11 au ya 12, na waliouongeza katika karne ya 14, waliijua mvua ile. Waliojenga jumba la Husuni Kubwa juu ya genge la bahari, lenye vyumba vingi na birika la pembe nane, waliijua pia. Hawakujenga kwa ujinga. Walijenga wakitumaini kwamba watakuwapo watu.

Lakini biashara ilihama, watu wakapungua, na jumba likabaki bila dari. Hapo ndipo maji yalipobadilika kazi. Ukuta wenye dari hupigwa na mvua ubavuni. Ukuta usio na dari hupigwa kichwani, na maji hushuka moja kwa moja mpaka moyoni mwake. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakaandikwa katika orodha nyingine, ile ya urithi ulio hatarini. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa hii, kwamba upande wa mashariki wa Husuni Kubwa ulikuwa ukipotea kidogo kidogo, kwa kuwa maji ya mvua yalikuwa yakiukokota udongo wa genge, na kuta zilizobaki ukingoni zilikuwa karibu kufuata.

Kuna jambo moja katika habari ya genge lile ambalo twaomba msomaji alitafakari. Vichaka vilivyoota pale vilifanya kazi mbili zinazopingana. Mizizi yake iliushika udongo, ikapunguza nguvu ya maji. Lakini mizizi hiyo hiyo iliingia katika kuta na kuzipasua. Basi mtu mwenye haraka angesema, "Kateni vichaka vyote," na masika ya kwanza yangelichukua genge. Mwingine angesema, "Viacheni vyote," na kuta zingepasuka. Kazi ya kutunza haitaki haraka wala uvivu. Yataka mtu aliyekaa na mahali hapo na kuona mwaka hata mwaka maji yapitapo.

Nasi twakiri kwa furaha kwamba Kilwa kuna jambo la kusifiwa. Baada ya mwaka 2004 kuta zilitengenezwa kwa chokaa, wanakijiji wakafanya kazi pamoja na mafundi, na mikoko ikapandwa ufukoni ili kuvunja nguvu ya mawimbi yaliyokuwa yakiila Gereza, ile ngome ya pwani. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa katika orodha ya hatari. Mvua haikupungua katika miaka ile 10. Kilichobadilika ni mikono. Huu ndio ushahidi wetu wa kwanza.

Ushahidi wa pili ni wa huzuni. Mwaka 1883 Sayyid Barghash bin Said alijenga Unguja jumba kubwa kuliko yote ya mji, likaitwa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, kwa sababu lilikuwa la kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme. Lilizungukwa na baraza pana zilizoshikwa na nguzo za chuma, juu kwa juu. Mwezi wa Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Jumba la jirani liliharibika kabisa, lakini Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Mizinga ililishindwa.

Kisha maji yakaja kwa utaratibu wake. Jumba lile lilichanganya kuta za mawe ya matumbawe na mihimili ya chuma na zege. Chuma kilicho karibu na bahari, kikipata maji ya mvua yanayovuja, huota kutu; na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo huipasua zege iliyokizunguka, na ufa huo huyakaribisha maji mengine. Dari ilivuja miaka mingi. Mwaka 2012 sehemu ya baraza za juu ikaanguka, na wageni wakazuiwa kuingia. Kazi ya matengenezo ilikuja baadaye, kwa msaada wa fedha kutoka Omani. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya mbele ya jumba ikaporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na wako waliokufa chini ya kifusi.

Hatusemi kwamba mvua ndiyo iliyoliangusha siku ile, wala si kazi yetu kumtaja mwenye kosa. Twasema neno moja tu: kati ya mwaka 2012 na mwaka 2020 ni miaka minane. Ukuta ulikuwa umesema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Jumba lililostahimili mizinga halikuweza kustahimili kungoja. Na waliolipa si waliochelewa. Ni mafundi waliokwenda kufanya kazi asubuhi ile ili wapate chakula cha watoto wao. Mtu asifikiri kwamba habari ya majengo ya kale ni habari ya mawe tu. Ukuta ulioachwa una watu chini yake.

Sasa twafika kwenye kosa ambalo latuhusu sisi sote, wakubwa na wadogo, nalo ni kosa la kutengeneza vibaya. Kwa maana wako wasiopuuza. Hutoa fedha na kuita fundi, na fundi huleta saruji. Saruji ni ngumu, hukauka upesi, huonekana safi. Ukuta wa zamani ukipigwa lipu ya saruji, siku ile watu hupiga makofi. Lakini tumesema kwamba ukuta wa chokaa huvuta pumzi. Kuufunika kwa saruji ni kama kumvika mtu mwenye homa ngozi ya ng'ombe na kumshona ndani yake. Maji yaliyoingia kwa juu au kwa chini hayawezi tena kutoka. Hukaa moyoni mwa ukuta, chokaa hulainika, udongo huwa tope, na kwa nje lipu yang'aa kama siku ya kwanza. Siku moja lipu na ukuta huanguka pamoja, na watu husema tena, "Mvua imeibomoa, ingawa tuliitengeneza juzi tu."

Hatusemi saruji ni mbaya. Katika Kanisa Kuu la Kristo kule Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, dari kubwa ya tao iliyojengwa katika siku za Askofu Edward Steere ilifanywa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, nayo imepita miaka mia na zaidi. Hapo saruji ilikuwa kazi ya tangu mwanzo, mjenzi aliihesabu. Kosa ni kuviunga vitu viwili vyenye tabia mbalimbali bila kuuliza kama vitapatana. Kiraka kipya katika nguo kuukuu hakimdanganyi mshonaji. Kwa nini kimdanganye mwashi?

Tena tusifikiri kwamba kila badiliko ni uharibifu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa na paa bapa la sakafu. Wenyeji walipoona kwamba mvua za Unguja ni kali mno kwa paa la namna ile, wengi waliweka juu yake paa la mteremko lenye mabati. Wako wanaolalamika kwamba mabati yaharibu sura ya mji. Sisi twaona walikuwa na akili. Waliisikiliza mvua, wakaijibu. Bati si adui wa urithi. Adui ni bati lenye tundu ambalo kila mtu amelizoea.

Labda msomaji atatupinga, na yafaa tumsikilize. Atasema: "Ninyi mwaiachilia mvua mno. Mvua za siku hizi si zile za babu zetu." Ni kweli, wala hatukatai. Hewa yenye joto huchukua maji mengi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila digrii moja inayoongezeka, na dunia imekwisha kupata joto zaidi ya digrii moja tangu siku ambazo Sayyid Barghash alijenga jumba lake. Vuli ya mwaka 2019 ilileta mafuriko katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, na barabara ya kusini ikakatwa na maji upande wa Kilwa. Mlizamu uliotosha zamani huenda usitoshe leo. Lakini neno hili, likipimwa vema, lazidisha hukumu yetu badala ya kuipunguza. Mtu anayejua kwamba mwizi ameongezeka nguvu haachi mlango wazi akisema, "Mwizi wa siku hizi ni mkali." Hutafuta komeo jipya.

Mwingine atasema: "Maneno yenu ni mazuri, lakini fedha ziko wapi? Mwenye nyumba ya kale ni mjane mwenye wapangaji watatu. Chokaa yahitaji kungojewa, boriti nzuri ni ghali, na mafundi wanaoijua kazi ile ni wachache. Saruji yauzwa dukani, hapo njiani." Pingamizi hili ni zito kuliko lile la kwanza, wala hatuna ruhusa ya kulicheka. Asiye na bati la kufunika watoto wake hapaswi kuhubiriwa habari ya urithi wa dunia. Ikiwa taifa lasema kwamba nyumba fulani ni mali ya wote, basi wote wachangie bati lake. Na wasiotaka kuchangia wasimlaumu mjane. Lakini tena twaona kwamba mambo makubwa ya kutunza nyumba si yale ya fedha nyingi. Kupanda ngazi kabla ya masika, kuondoa majani katika mlizamu, kung'oa mche wa mtini ungali na majani mawili, kuchimba mfereji mdogo ili maji yasituame msingini: kazi hizi ni za mikono na jembe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaifundisha watoto kama habari ya tabia njema, nasi tumesahau kwamba ilianza kuwa habari ya ufa na ukuta.

Basi kazi ya matengenezo tuihukumuje? Sisi twatoa kanuni moja. Tusiihukumu siku ya kufunguliwa, wakati rangi ni mbichi na hotuba ni nyingi. Tuihukumu baada ya masika matatu. Tuingie ndani mvua ikinyesha, tutazame juu, tuguse ukuta kwa kiganja. Ile nyumba ya zahanati ya kale iliyo mbele ya bandari ya Unguja, iliyoanza kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan, ilitengenezwa upya katika miaka ya 1990, na baraza zake za mbao zilizochongwa zimepita masika mengi tangu hapo. Kazi iliyopita masika mengi yastahili kuitwa kazi. Iliyopita sherehe moja tu, bado twaingojea.

Na twaongeza swali la pili la kuuliza: baada ya fundi kuondoka, nani amebaki na ngazi? Fedha nyingi za majengo ya kale huja mara moja, kama mvua ya mawe, zikafanya kelele, zikaisha. Ukuta hauhitaji fedha nyingi mara moja katika miaka 30. Wahitaji kidogo kila mwaka, na mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana. Tukiisoma habari ya tengenezo lolote, na ndani yake tukakuta gharama, na wafadhili, na picha, wala tusimkute mtu yule mwenye ngazi, tujue kwamba habari hiyo haijakamilika, na kwamba jengo lile limeanza tena kungoja.

Tulisema tutarudi nyumbani. Watu wengi, tukiwamo sisi, wamefundishwa tangu utoto kutazama misingi, na ni vema. Lakini nyumba ile ya shule msingi wake haukuwa na kosa hata kidogo. Ubaya ulianzia juu, mahali ambapo hapana mtu atazamaye kwa sababu shingo yachoka.

Siku ile tulikifukua kifusi kwa mikono mpaka tukalipata kabati. Vitabu vilikuwa vimelowa. Tukavitandaza kivulini, tukapeperusha ukurasa baada ya ukurasa, tukiweka kipande cha kitambaa kati ya jani na jani. Kazi ile ilituchukua juma zima. Siku ya tatu akaja bibi mmoja mzee sana, akiongozwa na mjukuu wake. Alikuwa amesikia habari. Hakuuliza juu ya ukuta wala juu ya mabati. Aliuliza, "Mwalimu, jina la mama yangu limo bado? Alikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza."

Tuliutafuta mwaka aliotutajia. Ukurasa tuliuona. Mistari ya juu ilisomeka. Kuanzia katikati wino ulikuwa umetiririka, yote yamekuwa doa moja la samawi, kama bahari katika ramani. Tukamwonyesha. Akaweka kidole chake juu ya lile doa, akakaa kitambo, kisha akasema, "Basi yumo humu." Akaenda zake.

Hatukuthubutu kumwambia, "Bibi, ni mvua." Tulijua bei ya bati moja la wakati ule, kwa kuwa tulikuwa tumeiandika wenyewe, mara tatu, katika kitabu cha mikutano.

Nyumba ile ilijengwa tena kwa mawe yake yale yale na kwa chokaa, na fundi mzee aliyeijua kazi akawafundisha vijana wawili. Ngazi hukaa nyuma ya mlango. Mwisho wa Februari, kabla mawingu hayajakusanyika, kijana mmoja hupanda juu, na mwenzake hushika ngazi chini. Jina la kila aliyepanda huandikwa katika kitabu kipya, pamoja na tarehe na aliyoyaona. Kitabu hicho tumekiweka upande wa mashariki, mbali na ile pembe, ijapokuwa pembe ile sasa haivuji.